Mtoto Mmoja Ndani ya Picha Mbili

Wajukuu wangu wananicheka kwa sababu wakinipa simu ninaisogeza mpaka puani. Mama yao anampiga mtoto picha, amejipaka ugali hadi masikioni, na dakika ileile shangazi wa Bukavu anacheka, mjomba wa Bujumbura anacheka, hata yule aliyeenda Ulaya anacheka. Wanadhani ni wao walioanza mambo hayo. Wapi! Minye nilianza kabla baba zao hawajajua kujipangusa kamasi.

Mwaka wa uhuru nilikuwa ninamshonea nguo madamu mmoja Mbeleji, nyumba yake ilikuwa karibu na ziwa. Wiki ile wazungu walipokimbia, nilimkuta anatupa vitu ndani ya gari, huyu mtoto analia, yule hana kiatu. Akaingia ndani, akatoka na kiboksi cheusi chenye jicho la kioo, akanishikisha pamoja na filimu nne, akaligusa tumbo langu. Nilikuwa na mimba kubwa, wiki hizo ninashindwa hata kuinama. Akaondoka kwenda upande wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, sikumwona tena. Nikabaki barabarani na apareyi ya picha mikononi, moyo unaruka, na sijui hata pa kutazamia ni wapi.

Tumbo likatoa mapasa. Wavulana wawili, uso mmoja! Mama mkwe wangu, mwanamke wa Luberizi aliyelima mpunga maisha yake yote, alitoka bondeni kuja kuwaona, akaniambia palepale kitandani: "Weye sasa ni Mama Mapasa. Jina ingine uliyokuwa nayo, usahau." Nikasahau kweli. Mpaka leo Uvira nzima inaniita hivyo.

Baba yao alikuwa fundi wa mashini kwenye boti ya mizigo ya Kalundu, bandari ya Uvira. Akitoka leo, ujue utamwona baada ya siku kumi au ishirini, kutegemea mizigo ya Kigoma. Jambo hilo lilimuuma. Safari moja aliwaacha watoto wanatambaa, akarudi akawakuta wanatembea, akakaa chini mlangoni, akasema, "Bametembea bila minye." Siku hiyo nikaamua. Kila kitu watoto wakifanya, ninapiga! Akirudi, ninaoga, ninampa chakula, halafu ninazitandika picha mkekani moja moja, ninamweleza: hapa huyu amekula sabuni, hapa huyu amelala na mwiko mdomoni, hapa wanampigania kuku.

Wenzangu wa Songo, mtaa wetu wa Uvira, walinishangaa. Siku zile picha ilikuwa kitu cha kuvaa. Mtu anaoga, anavaa nguo ya misa, anasimama kama nguzo pembeni ya ua la plastiki, hacheki. Minye napiga watoto uchi ndani ya beseni! Fundi wa picha, aliyekuwa na studio ndogo njia ya Kalundu na ndiye aliyenisafishia filimu, alinung'unika kila mara. "Mama Mapasa, unaharibu filimu. Hii ni matako tu." Nikamjibu, "Ni matako ya nani? Si yangu? Safisha!" Lakini niliona anacheka akigeuka. Na baba yao alizichukua zote ndani ya boti, akawaonyesha mabaharia, wapagazi, hata watu wa forodha. Kigoma nzima iliwajua watoto wangu kabla ya kuwaona.

Jambo moja lazima nilieleze sasa, maana ndilo lililotutesa baadaye. Upande wa mume wangu, mapasa hawagawanywi. Ukitoa ndizi, unatoa mbili. Ukishona shati, unashona mawili, siku moja, kitambaa kimoja. Na mmoja akiondoka duniani, hakuna kulia na hakuna kutangaza. Neno "amekufa" halitoki mdomoni mwa mtu, kwa sababu yule aliyebaki anaweza kulisikia na kumfuata mwenzake. Aliyebaki anapokea fungu la wote wawili. Niliona kwa macho yangu kule Luberizi, wakati nilipokuwa bibi harusi: mtoto mmoja amekaa mkekani mbele ya sahani mbili, amevaa mashati mawili, moja juu ya lingine, na jua linawaka. Nikauliza kwa sauti, "Huyu anasikia baridi?" Mama mkwe akanifinya paja mpaka nikaona nyota.

Watoto walikuwa na miaka minne uasi ulipotufikia. Waasi waliingia Uvira, na boti ya mume wangu ilikuwa Kigoma. Ikakatazwa kurudi. Barabara ya Bukavu ikafungwa, na mama mkwe akafika kwangu Songo kwa miguu, na mkeka wake na kuku mmoja, akasema bondeni hakukaliki. Ziwani walipiga risasi boti wasizozijua, na mwanaume aliyetoka ng'ambo aliulizwa maswali ambayo wengine hawakuyamaliza kujibu. Nikamtumia mume wangu neno: usije. Chochote utakachosikia, usije.

Aliyetubebea maneno alikuwa mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwanamke mnene asiyeogopa kitu, ambaye pande zote mbili zilimwacha apite kwa sababu pande zote mbili zilikula. Miezi saba ilipita hivyo. Siku moja akanijia na jibu la mume wangu: "Sawa, sitakuja. Lakini nione batoto. Tuma foto, hata moja."

Ee mama, nilivyofurahi! Niliruka uani kama mbuzi. Ndani ya apareyi zilikuwa zimebaki picha tatu, na filimu ilikuwa haipatikani tena popote. Tatu tu. Muuza ndagala angerudi Kigoma kesho yake jioni.

"Wapige pamoja," mama mkwe akasema.

"Hapana mama. Wakiwa wawili sura zinatoka ndogo kama maharagwe. Nataka aone macho yao. Nitapiga mmoja mmoja, kubwa."

"Mapasa hawagawanywi, weye mutoto ya bantu."

"Siwagawanyi! Picha mbili, watoto wawili. Ni hesabu gani ngumu hapo?"

Alinitazama, akaendelea kuchambua mchele. "Asiyesikia la mukubwa," akasema, na hakumalizia, kwa sababu kila mtu anajua linavyoisha. Nilikasirika sana. Nilikuwa na kichwa kigumu wakati ule, na hata sasa hakijalainika sana. Picha ya tatu nikaamua kuiweka akiba yangu mwenyewe.

Nikajaza beseni maji uani, maana baba yao alipenda picha za beseni kuliko zote. Uvira jua linajificha mapema nyuma ya milima, na kivuli kilikuwa kimeanza kushuka, basi nikaharakisha. Mkubwa, aliyetangulia kuzaliwa, akaingia. Huyo alikuwa samaki, anapenda maji. Alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, dogo kama punje ya mchele, kwa sababu aliangukia nanga ndani ya boti ya baba yake, na baba yake mwenyewe alimkimbiza dispensari amembeba kifuani. Ni kwa kovu hilo tulimjua. Nikapiga.

"Toka, aingie mwenzako!"

Nikageuza apareyi kuzungusha filimu, macho yangu kwenye kidirisha kile chekundu cha nyuma, nikingoja namba ije. Nilipoinua kichwa, mtoto uchi ameshaingia ndani ya beseni, povu kichwani, anacheka.

"Weye ni nani?"

"Minye Mudogo!"

Kupitia kijicho kile cha apareyi mtoto anaonekana mdogo kama ndagala. Nikapiga. Nikafurahi. Nikambusu yule mwongo kwenye povu lake.

Kesho yake nilisimama mlangoni mwa studio mpaka fundi akaikata filimu gizani, akarudisha kipande kilichobaki ndani ya apareyi, akasafisha na kutoa picha. Zilikuwa bado zina unyevu nilipozinyakua, bila hata kuzitazama vizuri. Nyuma ya moja nikaandika "Mkubwa", nyuma ya nyingine "Mdogo", na chini "Wote wazima." Nikakimbia nazo Kalundu, nazipepea hewani zikauke, ninaimba.

Kwenye kizuizi cha waasi wakanisimamisha. Mwanaume mmoja mwenye ndevu, bunduki begani, akaninyang'anya picha. Akatazama. Akatazama tena. Akaanza kucheka, akawaita wenzake, wakazipitisha mkono kwa mkono, wanaume wale wote waliotutisha miezi saba, wanamcheka mtoto wangu na povu lake.

"Ni mapasa?"

"Ni mapasa."

Akatoa ndizi moja mfukoni anipe. Halafu akaurudisha mkono. Akawageukia wenzake, "Nani ana ndizi ingine?" Walipekuana mifuko yote pale barabarani, na hakuniacha kupita mpaka ya pili ilipopatikana. Nikamkabidhi muuza ndagala picha, akazifunga ndani ya kikwembe alichojifunga kiunoni, boti ikaondoka. Nilirudi Songo ninakula upepo. Siku hiyo hakukuwa na mwanamke mwenye furaha kuliko minye kutoka Kalundu mpaka Bukavu.

Baada ya siku tano nikaenda studio kuchukua nakala zangu. Fundi wa picha aliziweka mezani, akavaa miwani, akavua miwani.

"Mama Mapasa, minye nilikuwa najua batoto bako ni wawili."

"Ni wawili."

"Hapa iko mumoja."

Nikacheka. Halafu nikainama. Picha ya kwanza: kovu juu ya jicho la kushoto. Picha ya pili: kovu juu ya jicho la kushoto. Mkubwa, na Mkubwa. Mtoto yule alikuwa amezunguka nyumba mbio na kurudi ndani ya beseni, na mwenzake, asiyependa maji, alikuwa amejificha nyuma ya jiko wakati wote, anashukuru Mungu.

Na minye mama yao nimedanganywa! Nilitaka kucheka tena, mdomo ukafunguka, kisha nikauona mkono wa baba yao umeshika picha hizo. Analijua kovu lile kuliko mtu yeyote. Ataona mtoto mmoja mara mbili. Ataona maneno yangu, "Wote wazima." Na atafikiri nini, yeye mtu wa Luberizi? Atafikiri nimempa aliyebaki mafungu mawili. Picha mbili, kama sahani mbili. Na hakuna mtu duniani anayeweza kumwondolea wazo hilo kwa mdomo, kwa sababu akiuliza na akiambiwa "wote wapo," ndivyo hasa anavyojua watu wake watamwambia.

"Atavuka," nikamwambia fundi. "Atavuka, na watamuua."

Nilikimbia nyumbani ninalia kwa sauti. Mama mkwe hakuniambia neno la "nilikuambia", na hilo ninamshukuru mpaka leo. Aliwashika watoto wote wawili, mmoja mkono wa kulia, mmoja wa kushoto, akasimama nao ukutani. "Piga," akasema. Ile picha ya tatu, akiba yangu! Nikaweka apareyi juu ya kinu isitikisike. Nikapiga. Wametoka wadogo kama maharagwe, lakini ni maharagwe mawili.

Fundi aliisafisha jioni ileile bila kunung'unika. Lakini nani wa kuibeba? Muuza ndagala alikuwa bado ng'ambo. Kila asubuhi nilishuka Kalundu na picha ndani ya kitambaa, ninakaa kwenye mifuko ya chumvi, ninatazama maji. Wavuvi walinizoea. Niliwaonyesha wote picha ile, nikiuliza nani anakwenda Kigoma. Walisema, batoto bazuri, lakini kwenda hawaendi.

Siku ya tisa nikamwona anakuja, si kutoka majini, anatoka kwa miguu upande wa kusini, ndoo ya samaki kichwani. Boti yao ilikuwa imetua mbali ili kukwepa kizuizi. Nilimrukia nusura ndoo ianguke.

"Ulimupa foto?"

"Nilimupa."

"Akasema nini?"

Akatua ndoo. Mwanamke yule ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, siku hiyo alichagua maneno. "Alizitazama. Akakaa juu ya mifuko yangu. Nikamuambia, Baba Mapasa, batoto bako wazima, bote wawili, minye niliwaona na macho. Akasema, aksanti mama, najua vile tunasemaka. Akaenda soko, akarudia na kafurushi." Akanishika mkono. "Mama, tulikuja naye. Ndani ya boti yangu, chini ya turubai. Nilikatala, akaingia tu. Amepitia njia ya mulima. Kama hawakumukamata, sasa iko kwako."

Kama hawakumkamata! Nilivua sandali, nikazishika mkononi, nikakimbia. Kutoka Kalundu mpaka Songo si mchezo, lakini sikumbuki hata nyumba moja niliyoipita. Nakumbuka nilikuwa ninasema kwa sauti, kila hatua, "Afike, afike, afike." Kwenye kizuizi yule mwenye ndevu aliita, "Mama Mapasa, kuna nini?" Nikapita mbio, na hawakunipiga risasi.

Nikaingia uani.

Alikuwepo. Amefika! Amekonda, ndevu zimeota, matope mpaka magotini, lakini ni yeye, mzima. Nilitaka kumrukia na kumpiga makofi kwa wakati mmoja. Lakini alikuwa amepiga magoti, amenipa mgongo, na mbele yake amesimama Mkubwa, peke yake. Mama mkwe alikuwa amekwenda mtoni kuchota maji na Mdogo, na Mkubwa alibaki uani, jirani akimwangalia kutoka kwake, kwa sababu ya kidonda mguuni. Hayo nilijua minye. Yeye alikuta uani mtoto mmoja.

Hakumuuliza kitu. Kwetu huulizi. Hakulia pia. Kafurushi kalikuwa wazi chini, na ndani yake mashati mawili mapya, ya kitambaa kimoja cha buluu. Moja alikuwa ameshamvika mtoto, amefunga vifungo mpaka shingoni. Sasa alikuwa ameshika la pili, anamwingiza mkono mmoja, anamwingiza mwingine, polepole, juu ya lile la kwanza. Alikuwa anaongea naye kwa sauti ya chini, anamwambia amekuwa mkubwa, amekuwa mwanaume. Mgongo wake ulikuwa unatikisika. Mtoto alimtazama mtu huyu mwenye ndevu kwa heshima na woga, jasho linamtoka, hajui kwa nini anavishwa nguo mbili mchana wa jua.

Nilifungua mdomo niite. Picha ilikuwa mkononi mwangu, watoto wawili na bibi yao, nimeiinua juu kabisa kana kwamba ana macho kisogoni. Sauti haikutoka. Mbio zote zile zilikuwa zimeimaliza.

Ndipo nyuma yangu nikasikia maji yanamwagika. Mama mkwe alikuwa ameingia uani, na mbele yake Mdogo, ambaye alikuwa amebeba kikopo chake cha maji kichwani kwa uangalifu kutoka mtoni. Kikopo kilikuwa chini sasa, maji yote yamekwenda. Hakumtazama baba yake hata kidogo. Miezi karibu minane ni mingi kwa mtoto wa miaka minne, na mtu mwenye ndevu ni mtu mwenye ndevu tu. Alikuwa anatazama mashati. Tangu azaliwe alikuwa anajua kuhesabu mpaka mbili, na aliona wazi kwamba pale kuna wizi.

"Ile ya juu," akapiga kelele, anakimbia, anaonyesha kwa kidole, "ile ya juu ni yangu!"

Baba yake akageuka.

Sitasahau uso ule, na sina picha yake, kwa sababu filimu ilikuwa imekwisha. Alimgeukia tena Mkubwa, akaanza kufungua vifungo vya shati la juu, na vidole vikakataa, vile vidole vya fundi vilivyofungua mashini nzima gizani. Kifungo kimoja kikakatika, kikaruka mbali. Minye nilikuwa nimekaa chini ardhini, ninacheka na kulia, mama mkwe anapiga vigelegele hadi majirani wanatoka.

Na Mdogo amesimama palepale mbele ya baba yake, mikono juu, anangoja kuvikwa.